Mtumbwi Usiovua Samaki

Kwa miaka kama mitatu hivi nilimiliki mtumbwi ambao haukuwahi kuvua hata dagaa mmoja. Nilikuwa fundi baiskeli pale Kashaulili, mjini Mpanda, na kila mwezi nilipanda lori kushuka Karema, ziwani, kutengeneza baiskeli za wachuuzi wa samaki. Mvuvi mmoja wa huko aliipenda baiskeli niliyoiunda kwa vyuma vya baiskeli nne mbovu. Mimi niliupenda mtumbwi wake mdogo wa mbao, wa watu wanne. Tukabadilishana. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwahidi baiskeli ile ya kubebea maji, aliniona narudi kwa miguu, akaniuliza mtumbwi nimeuegesha wapi.

Watu wa Karema nao hawakunielewa.

"Unavua nini, fundi?"

"Sivui."

"Basi unabeba abiria?"

"Hapana. Napanda tu, natembea, narudi."

Walinitazama kama mtu anayechemsha maji kisha anayamwaga. Sikuwalaumu. Nimekulia kwenye makazi ya wakimbizi, ambako mtu akikaa bila kazi ataulizwa kama anaumwa. Ila nikishapiga kasia mpaka sauti za ufukweni zikapotea, nilikuwa naliweka kasia mapajani na kutulia. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuona mawe chini. Sikuwa fundi wa mtu, wala mtoto wa mtu, wala mtu wa kuonyesha karatasi. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa sijazoea, kwa hiyo mara ya kwanza nilidhani ni kizunguzungu.

Starehe hiyo ilikula. Ilitaka rangi, misumari, pamba ya kuziba nyufa, mawese ya kupaka mbao, sukari ya kumpa mzee aliyeuangalia mtumbwi, na siku kadhaa za kazi kila niliposhuka. Mke wangu akawa ananiuliza mbele ya wageni, "Mgonjwa wako wa Karema anaendeleaje?" Nilikasirika, kisha nikacheka, kwa sababu kweli kila nikienda nilibeba dawa.

Mama yangu alikuwa bado anaishi makazini, nusu siku kutoka mjini. Ziwa hilo aliwahi kulivuka mara moja tu, akikimbia kutoka Burundi, mimi nikiwa mchanga mapajani mwake. Kuhusu safari ile alinisimulia mambo mawili, basi. Kwamba mtumbwi ulivuja na walichota maji kwa sufuria mpaka kulipokucha, na kwamba aliniziba mdomo kwa kiganja nisilie. Tangu hapo hakuwahi kurudi ziwani. Hata samaki akiletwa hakuuliza ametoka wapi.

Nikaanza kutaka jambo moja kuliko yote: mama apande mtumbwi wangu mchana, jua likiwaka, pasipo mtu wa kumfukuza. Akae tu. Sikujua kama nililitaka kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nadhani nilitaka aniambie kwamba yale yamekwisha. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Sawa, mwanangu. Lakini nikiona maji ndani, sipandi."

Nikaenda kuuandaa mtumbwi, na hapo ndipo ufundi wangu uliponiponza. Kwa fundi baiskeli adui ni maji. Maji huleta kutu, kutu hula mnyororo. Basi niliuvuta mtumbwi juu kabisa mchangani, nikauweka juu ya magogo, nikaujengea paa la nyasi, nikauacha ukauke miezi miwili ya kiangazi. Nilijisifu kimoyomoyo. Majirani waliona yote na hakuna aliyenena neno, kwa kuwa kwao mtumbwi ulioezekewa ni wa mtu aliyefiwa au aliyeachana na ziwa, na heshima ni kutomuuliza.

Kutoka makazini kulihitaji kibali, na mama alipewa cha siku saba. Hakuna aliyewahi kupewa kibali cha kwenda kutembea ziwani, kwa hiyo kwenye sababu tuliandika kumwona mgonjwa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Siku mbili za kwenda, mbili za kurudi, zilibaki tatu za Karema.

Asubuhi ya kwanza niliusukuma mtumbwi majini mama akiwa amesimama mbali, kitenge amejifunga mabegani. Maji yaliingia kila pahali palipokuwa na kiungo. Yalifika kwenye vifundo vya miguu yangu kabla sijashika kasia. Sikuweza kumtazama mama. Nilijua anaona nini.

Mvuvi aliyechukua baiskeli yangu alikuja akainama, akapitisha kidole kati ya mbao mbili. "Umezikausha kama kuni," alisema. "Mbao zimesinyaa. Sisi tulidhani umefiwa, tukakuacha."

"Nifanye nini?"

"Uzamishe."

Basi mbele ya macho ya mama tukaujaza mtumbwi mawe, tukauzamisha kwenye maji ya kiuno, mbao zinywe na kuvimba. Siku mbili, alisema mvuvi, ingawa zingekuwa nne ingekuwa vizuri zaidi. Siku ya kwanza mama alikaa kwa mwenyeji wetu akichambua mchele ambao haukuwa na mchanga. Siku ya pili alishuka mpaka ukingoni, akasimama akiutazama mtumbwi kule chini. Akauliza kama kweli mbao zinavimba. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya tatu asubuhi tuliuinua, tukatoa mawe, tukamwaga maji. Lori la kurudi Mpanda lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Mtumbwi haukuvuja tena, ila kwenye kiungo kimoja maji yalitokeza kidogo kidogo. Mama aliyaona. Nikasubiri aseme turudi nyumbani. Akavua ndala, akaingia, akakaa chini mbele, mgongo ukiegemea ubavu wa mtumbwi.

Nilipiga kasia taratibu mpaka maji yakawa ya kijani. Nilikuwa na maswali mengi, nikayapanga moja baada ya jingine. Nilipogeuka kumuuliza la kwanza, alikuwa amelala, kichwa kimeangukia begani na mdomo uko wazi kidogo.

Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Usiku wenyewe alikuwa akiamka hata paka akipita. Niliacha kupiga kasia. Maji yaliyopenya niliyakausha kwa shati langu, nikilikamulia nje polepole yasitoe sauti. Jua likapanda, likapita utosini. Nikasikia honi ya lori kule ufukweni, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha likapanda kilima, likaenda. Lori jingine lilikuwa la kesho yake. Nililia, na sikuficha, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniona.

Alirudi makazini kibali kikiwa kimepita siku moja. Walimweka kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi, mimi nimesimama mlangoni, ndipo karani akamwita na kumuuliza alichelewa kwa nini. Nilitaka kumjibia. Mama akanitangulia.

"Nilipata usingizi," alisema.