Kuku wa Mbegu

Jioni ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Baba mdogo alikuwa amemshika kuku wa mama miguu, kichwa chini, anamtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima. Ilikuwa Juni, na baridi ya Songea ya Juni unaijua. Kuku akitolewa anatweta, anarudishwa tena majini. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko na ungo mkononi, anatazama.

Kosa la kuku yule lilikuwa kuatamia. Ngoja nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mayai mnayajua ya kwenye trei. Kuku wa kienyeji akishataga ya kutosha, anaacha kutaga na kuyalalia. Anavimba manyoya, anadonoa mkono wako, anatoka kidogo tu kula na kunywa kisha anarudi. Muda huo wote, na muda wa kulea vifaranga, hakupi yai hata moja. Mama aliona hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kuku. Baba mdogo aliona ni uvivu.

Alikuwa mdogo wake marehemu baba. Alikuwa na kazi ya stoo kwenye shirika la umma, mpaka mashirika yalipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa. Akaja kwetu Mjimwema na begi moja na maneno mengi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imeachia biashara, kila mtu anafungua kitu, na kule Majengo migahawa ilikuwa inaota kama uyoga, yote inataka mayai ya kuchemsha kwa chai ya asubuhi.

“Mlamu,” akamwambia mama, maana ndivyo tunavyowaita mashemeji kwetu, “yai ni hela ya leo. Kifaranga ni hela ya lini? Kuanzia sasa hapa hakuna kuku wa kulala.”

Basi kila kuku aliyeonyesha dalili ya kuatamia alikiona. Wengine aliwachovya kwenye maji. Wengine aliwapitisha unyoya puani, wengine aliwafunga mguu uani, mbali na viota, mpaka wakasahau.

Mama alikuwa na mipango yake. Mimi nilikuwa darasa la saba, na shule ya sekondari ya masista ilitaka ada, godoro na sanduku la bati. Baba hakutuachia kahawa wala ng'ombe. Alituachia kuku. Vifaranga wa msimu ule ndio wangekuwa majogoo na mitetea wa kuuza Desemba, nami Januari niende shule.

Tena palikuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Kila mwaka, kabla kiangazi hakijakaza, mama alimchukua kuku mmoja anayeatamia, akamweka kwenye tenga pamoja na mayai yake, akampeleka kwa dada yake, mama mkubwa, kijiji cha mbali. Huyo tulimwita kuku wa mbegu. Kiangazi ndicho kinacholeta mdondo, na mdondo ukiingia unamaliza banda. Chanjo tulikuwa tunaisikia tu. Mdondo ukipita Mjimwema, mbegu imebaki kwa mama mkubwa, nasi tunairudisha mvua zikianza. Na lazima awe anayeatamia, kwa sababu kuku mwingine ukimhamisha atahangaika kutafuta kwao mpaka apotee. Anayeatamia hawezi kuyaacha mayai yake.

Mwaka ule hakukuwa na wa kupeleka.

Jioni ile ya ndoo nilisema mimi. “Baba mdogo, na kuku wa mbegu je?”

Akacheka. “Mbegu ya nini, na kuku wamejaa uwanja mzima?”

“Mdondo ukija hautapiga hodi,” nikamwambia.

Hapo mama akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. “Funga mdomo! Mkubwa anaongea na wewe unajibu? Nani kakulea hivyo? Piga magoti umwombe radhi.”

Nikapiga magoti palepale, kwenye tope la maji ya ndoo. Nikemewe mimi niliyesema kweli, na yule aliyekuwa anatuharibia kuku anitazame kwa huruma na kusema, “Haya, nimekusamehe.” Mpaka leo nikiikumbuka sauti yake hasira inanipanda.

Mayai yaliuzwa kweli. Kwa fedha hiyo baba mdogo akafungua genge la sigara na kandambili, katika mtaa ambao kila mlango ulikuwa genge la sigara na kandambili. Halikufika mbali.

Oktoba mdondo ukaingia. Kuku walianza kuharisha kijani, wakapinda shingo, wakawa wanazunguka uani kama walevi. Kila asubuhi tulizika. Alipokufa wa mwisho, mama alijifunga kanga akaenda kwa miguu mpaka kwa dada yake. Mama mkubwa akamuuliza, “Mbona mwaka huu hukuniletea kuku?” Mama akapewa mtetea mmoja, akarudi naye kwapani. Mtetea mmoja hasomeshi mtu.

Majina ya shule ya masista yalipotoka, nilikuwa nimechaguliwa. Baba mdogo alinipa mkono wa hongera, akasema nivumilie mpaka mwakani. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapanda basi kwenda kutafuta kazi Makambako. Mimi nikashika jembe.

Mama aliishi kwangu uzeeni. Siku moja tunachambua maharage akaniambia, “Ningesema siku ile, ungekuwa mwalimu.” Nikamjibu, “Ningekuwa.” Alinitazama, anangoja nimwambie yamekwisha. Sikumwambia, kwa sababu hayajaisha. Nikaendelea kuchambua maharage. Nilimpenda mama yangu, nilimwogesha na kumlisha mpaka Mungu alipomchukua, lakini neno hilo sikuwa nalo.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza kufuga. Chanja kuku wako, chanjo siku hizi zipo. Uza mayai, kula mayai, sikukatazi, lakini usikubali banda lako likose hata kuku mmoja anayeatamia, hata kama mwenye hoteli anakulilia mlangoni. Na akija mtu na akili mpya, awe shemeji, awe mjomba, awe mumeo, mpe kiti, mpe chakula, halafu mwambie hapana kama ni hapana. Heshima haikudai uangalie chako kikiharibiwa. Mama alidhani inadai hivyo, na mimi ndiye niliyelipa.

Nenda, mwanangu. Mungu akuzidishie vifaranga, akuepushie mdondo. Na siku binti yako atakapoongea mbele ya wakubwa, Mungu akujalie subira ya kumsikiliza mpaka amalize.