Samaki Asiye na Kibanja

Krismasi iliyopita nilirudi Kagoma kutoka pwani, ninakofanya kazi ya kufuatilia papa na taa wa bahari kuu. Papa mnamjua, taa ni ndugu yake aliye bapa, mwenye mapezi mapana kama mabawa. Baba alikuwa ameniita. Alitaka kutaja mrithi wa kibanja chetu, yaani migomba, kahawa na makaburi ya mababu. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Lakini nilipoketi tu, mama aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, heshima ya mgeni. Nikatafuna huku nikijiuliza nimekuwa mgeni lini.

Baba, aliyevua sangara kisiwani Bumbire mpaka mgongo ukamgomea, aliomba kuiona kazi yangu. Nikamwonyesha kwenye simu ramani ya papa mmoja tuliyemfunga kifaa pezini: mstari mwekundu uliozunguka bahari.

“Kibanja chake kikubwa, waitu,” alisema, kwa lile neno letu la heshima. “Mpaka wote huo amepanda miramula?”

Miramula ndiyo mimea yetu ya mipakani.

“Si mpaka, tata. Ni njia aliyopita.”

“Na kwake ni wapi?”

Hapo nilichanganyikiwa. Nilimweleza kwamba hufuata chakula pale maji ya uvuguvugu yanapokutana na ya baridi, mchana akazama gizani, usiku akapanda juu. Sangara wa baba walikuwa na miamba yao, na aliijua yote. Wangu hakuwa na hata jiwe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kukasirika, na sikujua namkasirikia nani. Mkataa kwao mtumwa, sawa, lakini huyu alikataa wapi?

“Hapumziki?” baba aliuliza.

“Wa aina hii hawezi. Akiacha kuogelea, hapati pumzi. Anakufa.”

Baba alinirudishia simu. Kesho yake baada ya misa, mbele ya wazee wa ukoo, alimtaja dada yangu mdogo. Wazee waliguna.

“Na huyu wa kiume?” mmoja akauliza.

“Huyu nikimfunga hapa nitamuua,” baba alisema.

Dada alinishika mkono, akaniuliza kama nimeumia. Nilikuwa nalia, na mpaka leo sijui kama nilililia kunyimwa au kupendwa.