Tulivyopokezana Mzigo Mbele ya Kamera

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na shule ikaishia hapo. Nilianza kubeba mizigo pale Rusizi ya Kwanza, daraja la mpakani, na shingo hii ndiyo iliyonifanya mkubwa wa wapagazi wa depo, ghala la mizigo. Hakuna aliyenishika mkono.

Kulikuwa na mwenzangu tuliyeanza naye. Kwenye mteremko wa darajani, aliyechoka hatui mzigo chini. Mwenziwe anamsogelea kifua kwa kifua, anainamisha kichwa, gunia linahama kichwa hadi kichwa huku miguu inatembea. Hatusemi neno.

Mwaka jana depo ilipata patroni mpya, yaani mwenye mali, mama wa Bukavu, akaleta fundi na kamera. Kompyuta ya fundi inatenganisha kila kinachotembea kwenye picha: huyu anawekewa kisanduku na namba nne, yule saba, na inawafuata hata mkisongamana. Nne alikuwa mwenzangu. Saba nilikuwa mimi.

Siku moja belo la vitenge, robota zima, halikufika depo. Wakaniita, wakanionyesha saba, kwa mbali sura haionekani, akiingia nalo nyuma ya malori. Mimi huko sikufika. Nikaomba warudishe picha nyuma, mpaka mteremkoni. Pale visanduku viwili viligusana, na vilipoachana, saba alikuwa kwenye kichwa cha mwenzangu. Nilikuwa nimempokeza belo lile.

Nikamgeukia mwenzangu, amekaa kando ya patroni. "Papa, waambie vile tunapokezanaka."

Akatazama kofia yake. "Mimi sijue kitu. Mashine haidanganyake, Mzee."

Nilitoka na mpagazi mwingine na gunia la maharage, tukapokezana mbele ya kamera, tukarudi kutazama. Namba yangu ilikuwa inatembea na yule mwingine. Fundi alicheka, kisha akamgeukia patroni.

"Maman, imefuata mzigo. Haikufuata muntu."

Patroni akamwuliza mwenzangu belo liko wapi. Akasema liko kwa shemeji yake. Lilirudi mchana uleule, yeye hakurudi. Patroni aliniomba radhi nikaipokea. Mwenzangu alituma watu wamwombee msamaha, nikawarudisha. Angekuwa ameiba belo tu, ningemtukana yakaisha. Lakini zaidi yangu, yeye peke yake mle ndani alijua tunavyopokezana, akakaa kimya nifukuzwe mwizi mimi.

Leo nina nyumba ya matofali Nyakabuye, shamba la mihogo, ng'ombe na ndama wake, baiskeli moja, redio, na kazi yangu pale depo; mwenzangu sina.