Kadi Iliyotangulia Tarehe

Ndunge Kilonzo aliuza dawa za mifugo mjini Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuvumilia watu. Wafanyabiashara wa mbuzi walimpigia simu hata kabla hajapiga mswaki kumwuliza habari za ngamia anayekohoa au kondoo aliyevimba tumbo, naye aliwajibu wote kwa upole. Ndiyo maana mwaka alioamua kuolewa, wateja wake walishangaa kumwona akiifokea simu yake kila ilipolia.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwao ni Kilungu, huko milimani upande wa Makueni, lakini Mwingi alikuwa ameshapazoea. Huko ndiko alikompata Mwau, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuja kurekebisha mlango wa duka, akarudi tena kuuangalia ingawa haukuwa na kasoro yoyote. Mwau alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza chochote alisema, "Ni sawa tu," na kwa kweli ilikuwa sawa.

Walitaka harusi iwe Aprili. Aprili ilikuwa na sababu yake: Mbinya, mdogo wake Ndunge, alikuwa akifanya kazi za nyumbani Qatar, na mwajiri wake asingempa ruhusa kabla ya mwezi huo. Ndunge alikuwa amemwahidi kwamba hataingia kanisani bila yeye.

Kizuizi kilikuwa ntheo. Hiyo ndiyo sherehe ya mbuzi, na isipofanywa, Mkamba hakubali kwamba binti ameolewa hata kama pete anayo. Watu wa Mwau walikuwa tayari kitambo. Aliyekuwa hayuko tayari ni baba yake Ndunge, mzee Kilonzo. Mara ya kwanza alisema ni lazima ndugu yake Nthiwa atoke Mombasa. Nthiwa akaja, akakaa wiki nzima, akarudi Mombasa, na mzee akasema kiangazi kimekuwa kikali, mbuzi wamekonda.

"Sasa Baba, tarehe je?" Ndunge aliuliza.

"Tarehe haitoroki," mzee alijibu, akaenda kuangalia miparachichi yake.

Ndunge akaona heri angalau atayarishe kadi za kuwaambia watu waitenge siku, zile zinazoitwa "save the date", ili baba akikubali tu, zitumwe. Alikwenda kwa rafiki yake Yurub, aliyekuwa na duka la uchapishaji mlango wa tatu kutoka kwake.

"Niandike tarehe gani?" Yurub aliuliza.

"Weka yoyote kwanza, nione maandishi yanakaaje."

Yurub akaandika tarehe 14 Novemba, kwa sababu ndiyo iliyomjia kichwani. Kadi ilipendeza. Ndunge alishindwa kuamua kati ya kijani na maruni, akamtumia mama yake, Syokau, kwa WhatsApp na kumrekodia maneno: "Mwaitu, angalia rangi tu. Tarehe si ya kweli. Na usimwonyeshe mtu."

Mama alijibu kwa picha ya mikono inayoomba.

Kabla ya chakula cha mchana simu ilikuwa imepata moto. Mwalimu wa kwaya ya Kilungu alitaka kujua waimbe nyimbo ngapi. Binamu mmoja aliuliza kwa nini kadi haionyeshi mahali. Jirani wa nyumbani, mama aliyeokoka na asiyetaka mambo ya dunia, alipiga kuuliza kwa upole maana ya kuokoa tarehe, kwani tarehe ilikuwa imepotea? Syokau alikuwa ameituma kadi kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, na akina mama wakaitawanya kwa waume zao, kwa wanao, na kwa jamaa zao walioko Mombasa.

"Mwaitu, nilisema usimwonyeshe mtu!"

"Aiya, nimeonyesha akina mama tu," Syokau alisema, na akakata simu kwa kisingizio kwamba sufuria inaungua.

Ndunge aliandika ujumbe kwenye kikundi kuwaeleza kwamba kadi ile ilikuwa ya majaribio na tarehe bado haijapangwa. Alidhani yameisha. Kumbe alikuwa amemwaga petroli kwenye moto. Shangazi yake, Kasyoka wa Kasikeu, alipiga siku hiyohiyo.

"Mwanangu, nimesikia harusi imeahirishwa. Sema ukweli. Huyo kijana ana bibi mwingine?"

"Haijaahirishwa, shangazi. Haikuwa imepangwa."

"Kadi ninayo hapa kwa simu."

"Kadi ilikuwa ya kujaribu."

"Siku hizi mnajaribu harusi?"

Ndunge aliiweka simu juu ya kaunta, akahema, akaiinua tena. Shangazi alikuwa bado anaongea. Nguo za watoto wake, alisema, zilikuwa kwa fundi, zimekatwa tayari, na kitambaa kilichokatwa hakirudishwi dukani.

Wiki zilizofuata zilikuwa hivyo. Ungesema tarehe ile ina miguu. Akiizuia Kilungu, ilitokea mjini Wote. Akieleza kwa huyu, yule anapiga kutoa pole. Hata Guled, mfanyabiashara wa mifugo aliyenunua kwake dawa ya minyoo, aliegemea kaunta akasema ameiona kadi kwenye simu ya dereva wake, na kwamba yeye atakuja na kondoo, Ndunge apende asipende.

"Harusi si Novemba, Guled."

"Basi ni lini?"

"Sijui!"

Guled alimtazama, akachukua dawa yake, akaondoka polepole kama mtu anayepita karibu na ng'ombe mkali.

Jioni alimpitia Mwau kazini. Mwau alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Si tungeoana tu Novemba."

"Na Mbinya?"

Ndunge alisema maneno mengi pale, mengine ambayo Mwau hakuyastahili, na vijana wa karakana wakajifanya wanatafuta misumari.

Lililomchoma kabisa lilitoka Qatar. Mbinya alimtumia sauti, fupi, bila salamu: "Nimeona kadi kwa status za watu. Ulikuwa uniambie lini? Ama mimi ni wa kuona tu picha?" Ndunge alimpigia, simu haikushikwa. Alimrekodia maelezo marefu. Mbinya alisikiliza na hakujibu.

Jumamosi hiyo alifunga duka mapema, akasafiri hadi Kilungu. Jumapili akaketi kanisani safu ya tatu, mkoba mapajani. Wakati wa matangazo, mzee Mutiso, mzee wa kanisa aliyependa sana shughuli, alisimama akakaribisha watu kwenye kikao cha kamati ya harusi ya binti ya Kilonzo.

Kamati! Ndunge alikuwa amesimama kabla hajajua atasema nini.

"Samahani, wapendwa. Mimi ndiye ninayeolewa, na hiyo kamati ndiyo naisikia sasa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hakuna harusi Novemba. Ile kadi haikuwa ya kweli. Nimesema kwa simu, nimeandika, sasa nasema hapa mbele ya madhabahu. Mtu asinunue nguo. Mtu asiniulize kuhusu keki. Na Mwau hana bibi mwingine!"

Kisha akaketi, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikanong'ona, "Si nilisema kuna shida?"

Nyumbani, Syokau hakumwangalia. Aliingia jikoni akaanza kuchambua pojo zilizokwisha kuchambuliwa. Ndunge akamfuata.

"Mwaitu, kwa nini? Nilikueleza wazi tarehe si ya kweli."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia na ukatuma?"

Syokau aliweka ungo chini. "Nilituma kwa sababu nilikusikia. Baba yako angekuzungusha mpaka nizeeke. Leo ni Nthiwa, kesho ni kiangazi. Nikasema, watu wakishajua, ataona aibu atoe siku. Sikujua itafika mpaka kwa mtoto wangu Qatar." Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikasirika kwamba yamelowa. "Nilikosea hapo kwa Mbinya tu. Kwa hayo mengine sikukosea."

Ndunge alikuwa amekuja na hasira ya wiki hizo zote, na sasa hakujua aiweke wapi. Kabla hajajibu, mlango ulizibwa na mzee Kilonzo, kofia yake ya kanisani ikiwa bado mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hivyo mlikuwa mnanitega," alisema.

"Tulikuwa tunakungoja," Syokau alijibu.

Ndunge akamgeukia baba yake. "Niambie ukweli, Baba. Humtaki Mwau?"

"Mwau hana neno. Ameshanitengenezea hata geti."

"Basi ni nini?"

Mzee aliizungusha kofia. "Mbinya alienda. Sasa na wewe."

"Lakini mimi naishi Mwingi miaka yote hii!"

"Hiyo ni kazi. Mtu wa kazi hurudi. Aliyeolewa huja kama mgeni, anaangalia saa." Akaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaongea na pojo, "Nilikuwa najua nitakubali. Nilikuwa nangoja tu kidogo."

Ndunge alitamani kumkemea, na alitamani pia kumpa kiti. Alimpa kiti.

Mzee akakaa, akafikiri, kisha akasema kama mwenyekiti anayefunga kikao: "Watu wameshaishika hiyo Novemba. Hata ukiwakataza hawaiachi. Basi waje, wale nyama ya mbuzi. Tufanye ntheo siku hiyo. Harusi iwe Aprili, mtoto wangu akija."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe kumi na nne ilinyesha mvua ambayo milima ya Kilungu ilikuwa imeingoja kwa hamu, na watu wa Mwau walilazimika kusukuma gari lao matopeni, mbuzi wakilia ndani. Shangazi Kasyoka alifika na watoto wote wakiwa wamevaa sare ya harusi, blanketi la zawadi likiwa limefungwa kwa karatasi inayong'aa. Alielezwa mara mbili kwamba hii ni ntheo. Alikubali, akala, kisha akamvuta Ndunge pembeni na kumwuliza mchungaji atafika saa ngapi. Guled naye hakukosa. Alikuwa ameleta kondoo, na alimchinja mwenyewe pembeni, kwa sheria ya Kiislamu, ili naye apate kula.

Baada ya hapo Yurub alichapisha kadi za kweli, za karatasi, kwa sababu mzee Kilonzo alisema simu ndizo zilizoleta balaa. Rangi ikawa maruni. Ndunge alimpelekea Mbinya picha ya kadi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mbinya alijibu kesho yake: "Sawa. Lakini hiyo maruni ni mbaya."

Ndunge alicheka kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze. Kisha kadi zikagawiwa, na simu ikaanza tena. Ni harusi ya pili? Ile ya mvua haikuhesabiwa? Binamu alitaka kujua kama aliyekuja Novemba anaruhusiwa kuja tena. Mzee Mutiso alimjulisha kwamba kamati haikuwahi kuvunjwa. Ndunge aliwajibu wawili watatu, kisha akampa Mwau simu. Mwau aliwaambia wote kwamba ni sawa tu, na ajabu ni kwamba waliridhika.

Aprili ilifika, na Mbinya akafika, amekonda, amechoka, akilalamikia gauni la msimamizi tangu asubuhi. Mzee Kilonzo alimshika Ndunge mkono akamtembeza polepole hadi mbele ya kanisa. Alipomkabidhi kwa Mwau hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama palepale katikati yao, akitazama mbele, mpaka mchungaji alipomwomba kwa heshima akae.