Mkoromo wa Dirishani

Mume wangu ni fundi viyoyozi, na mtaa mzima unamwita Bwana Jokofu. Jina lenyewe analipenda. Mimi silipendi, maana nimegeuzwa Mama Jokofu bila kuulizwa. Nyumbani kwetu hakuna kiyoyozi hata kimoja. Kuna pangaboi moja linalozunguka likitaka, na ukimuuliza atalitengeneza lini anasema wiki ijayo. Hakuna kitu anachotupa. Sebule imejaa feni za watu, mabomba ya shaba, na kompresa moja kuukuu ambayo wageni wameshaizoea kuwa kigoda.

Kazini, hapo sina la kusema. Akiweka kiganja mbele ya upepo wa mashine, anajua kama gesi imepungua au chujio limeziba. Ugonjwa wake ni mmoja tu: hawezi kuvumilia kelele. Mashine ikitikisika kidogo, anakunja uso kama mtu aliyetukaniwa wazazi. Kwake yeye, kiyoyozi kilichotengenezwa kikatengenezeka ni kile ambacho mwenye nyumba anauliza, "Fundi, mbona hujawasha?"

Ndipo akakutana na kiyoyozi cha Mama.

Mama ninayemsema ni mama yangu mzazi, mjane, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwenye dirisha la chumba chake kuna kiyoyozi cha zamani, yale maboksi makubwa yanayokaa nusu ndani nusu nje. Boksi hilo marehemu Baba alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, na Baba hakuwa fundi wa kitu chochote. Lilitoa baridi kidogo na kelele nyingi. Kila akipita pale, Bwana Jokofu alikuwa anasaga meno. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akatangaza kwamba atalisafisha lote na kulifunga feni mpya, zawadi kwa mama mkwe wake.

Tatizo, kile ni chumba cha kulala cha mama mkwe, na mkwe haingii. Hata kikiwaka moto, mume wangu angerusha maji kutoka barabarani. Kwa hiyo alifanya kazi yote akiwa juu ya ngazi, upande wa nje, na kila alipochomoa kitu alifumba macho asije akaona kitanda. Skrubu za ndani nilifungua mimi, kwa maelekezo yaliyopitia kwenye upenyo wa dirisha. Mama alikuwa amekaa palepale kitandani, lakini naye hakumsemesha.

"Mwambie mkwe wangu apumzike, anywe maji," aliniambia.

"Mwambie Mama nashukuru, nimeshakunywa," ngazi ikajibu.

Kati yao hapakuwa na umbali wa mkono. Mimi nilikuwa simu.

Boksi likawashwa. Kimya kabisa, na baridi safi. Bwana Jokofu alishuka ngazi akinyata, utadhani ndani kuna mtoto mchanga, na furaha aliyokuwa nayo nilimwonea hata mimi wivu.

Tangu hapo Mama hakulala. Mwanzoni tulidhani ni uzee. Halafu akaanza kutia chumvi kwenye chai, akasahau sufuria jikoni mpaka ikateketea na kujaza nyumba moshi. Macho yalizama, mashavu yakabonyea. Niliogopa. Baba nilikuwa nimeshamzika, na sasa nilikuwa namwona Mama akipungua mbele yangu kwa kukosa usingizi tu. Nikambana aniambie kinachomsumbua.

"Hakikoromi," akasema.

"Nini hakikoromi, Mama?"

"Baba yako alipoondoka, kile kiyoyozi kilibaki kinanikoromea kama yeye. Nilikuwa nalala vizuri. Sasa mkwe wangu amekiponya." Akanishika mkono. "Usimwambie. Atajisikia vibaya."

Nilimwambia siku hiyohiyo. Bwana Jokofu alikuwa anakula, akaweka kijiko chini.

"Unataka niharibu kazi yangu mwenyewe?"

"Nataka mama yangu alale."

Akanitazama, akanawa mikono, akaenda kuchukua ngazi.

Kumbe kuharibu kitu kwa ufundi ni kazi kuliko kukitengeneza. Alilegeza skrubu ya kwanza, boksi likanguruma kama lori. Akalegeza nyingine, likapiga chafya.

"Mwambie mkwe huyo si yeye," Mama akasema.

"Muulize Mama, marehemu alikuwa anakoromaje hasa?"

Basi hapo heshima ikapata mtihani. Mama mkwe atamkoromeaje mkwe wake? Mama akanielekeza mimi nikorome kwa niaba yake. Nikakoroma. Akasema huyo ni mjomba wangu. Nikajaribu tena, akanikatiza kwa hasira kwamba marehemu hakuwa punda. Mwishowe akajifunika shuka gubigubi, akageukia ukuta, akavuta pumzi.

"Khrrr... pu. Khrrr... pu."

"Mwambie Mama arudie hiyo pu," sauti ikatoka nje, nzito, ya kikazi.

Mama akarudia. Chini ya ngazi majirani walikuwa wameshajaa, mmoja anauliza kama kuna mgonjwa.

"Hiyo pu ni ya kitu laini," mume wangu akasema. Nikamsikia anapekua mfuko wa vifaa mpaka chini kabisa. Akapitisha mkono kwenye upenyo, macho ameyafumba. "Nilikichomoa hiki siku ile. Nilidhani takataka."

Nilikitambua. Kilikuwa kisigino cha ndala ya Baba. Alikikata akakishindilia chini ya boksi lisitikisike, kwa ufundi wake ule ule wa kubahatisha. Nikakipokea, nikakifuta vumbi. Nikakirudisha mkononi mwake, naye akakishindilia mahali pake.

Khrrr... pu.

Mama alifunua shuka, akajilaza vizuri, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. Halafu akasema kwa sauti kamili, bila kupitia kwangu:

"Geuka!"

Kule nje ngazi ilitikisika. Mama mkwe amemsemesha mwenyewe! Bwana Jokofu aligeuka palepale, mgongo dirishani, uso barabarani, spana ameikumbatia kifuani.

"Geuka basi, mzee wangu, unanikoromea sikioni," Mama akamalizia, sauti imeshalegea, na akalala.

Nilisogea kwenye upenyo nimwambie mume wangu kwamba si yeye aliyeambiwa. Alikuwa ameshaelewa. Alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, lakini hakugeuka. Alikaa vilevile juu ya ngazi mpaka Mama alipoamka, akiwaashiria majirani wanyamaze, wasije wakaharibu ile kelele.