Lori Lililotupeleka Kenyenya

Mafuta ya taa yakimwagwa juu ya chuma chenye kutu hutoa harufu ambayo siwezi kumweleza vizuri mtu asiyeijua. Ina ukali unaopanda puani, halafu nyuma yake kuna kitu kama udongo uliolowa. Juzi nilipita kwa mafundi wa jua kali karibu na soko la Daraja Mbili. Mmoja wao alikuwa akilowesha bolti iliyogoma kufunguka, na mimi, mama wa watoto wakubwa, nikasimama njiani na kikapu changu cha mboga kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Kiogoro, mwaka ule baba yangu alipoleta lori la vita.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku za kazi alinukia chaki, Jumamosi alinukia sabuni kwa kuwa sisi ni Wasabato, na Jumapili ilikuwa yake peke yake. Jumapili lazima afungue kitu: redio, baiskeli, mashine ya kushonea ya Mama. Vingi vilirudi vikifanya kazi. Saa ya ukutani ya kanisa haikurudi, na tangu hapo mchungaji akawa anahubiri bila kikomo.

Lori alilipata Nyamira, kwa mkulima mmoja wa chai aliyelifanya banda la kuku. Lilikuwa lori dogo la jeshi, la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lililopita mikono mingi hadi likaishia kwenye majani likiwa halina matairi. Mkulima alikubali kulitoa mradi Baba awajengee kuku wake banda jingine. Baba akajenga, tena zuri, lenye dirisha. Mama alisema kuku wa Nyamira sasa walilala pazuri kuliko sisi.

Likaja juu ya matairi ya kuazima, likivutwa na trekta ya jirani, watoto wa kijiji kizima wakilifuata kwa nyimbo. Kwenye kiti cha dereva alikaa kuku mweusi aliyeatamia mayai, na safari yote hiyo hakuinuka hata mara moja. Mama akapiga marufuku: hakuna kugusa lori mpaka vifaranga vitoke. Basi Baba akawa analizunguka lori lake spana ikiwa mfukoni, akimtazama yule kuku kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini.

Sote tulicheka, isipokuwa Babu.

Babu, baba yake Baba, aliishi katika nyumba ndogo upande wa pili wa migomba yetu. Katika vita hivyo alikuwa dereva wa jeshi huko Uhabeshi, na alirudi na mguu wa kushoto usiokunjika vizuri. Hilo ndilo tu tulilolijua. Hakusimulia, na hakupanda gari. Akienda sokoni au kanisani, hata akienda matangani mbali, alitembea na fimbo yake. Ukimwuliza, alijibu, "Mguu hauombi mafuta." Tuliona ni ubahili wa kizee, na tukaupenda.

Siku lori lilipoingia uani, Babu alilitazama mara moja, akageuza kiti chake kikaelekea migomba, akatupa mgongo. Jioni hakuja kula kwetu kama kawaida yake. Kesho yake pia hakuja. Nikawa napelekwa mimi na sahani ya ugali na mboga, na Mama akaanza kumnong'oneza Baba maneno ambayo hayakuwa ya mzaha tena.

Vifaranga vilitoka, na Baba akaanza kazi. Mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno, na nilikuwa na mikono myembamba inayofika mahali ambapo yake haikufika. Tulipaka mafuta ya taa, tukangoja, tukafungua. Tulikwangua kutu kwa msasa mpaka vidole vikawa vyeusi. Chini ya kutu ya mlangoni zikatokea namba nyeupe zilizofifia, na Baba akanizuia mkono. "Hapo basi," alisema. "Hizo tuziache." Nikichoka nilipanda kwenye kiti cha pembeni mwa dereva, nikaendesha safari za kwenda Mombasa na mbinguni.

Siku moja nilipompelekea Babu uji, nilimwuliza swali ambalo watu wazima walikuwa wakilizunguka.

"Babu, unaliogopa lori?"

Alikunywa kidogo kwanza. "Siliogopi, Kerubo. Linanikumbusha mtu."

"Nani?"

"Aliyekuwa akiketi pale unapoketi wewe ukicheza."

Kisha akaniambia, taratibu, kama anayetoa mwiba. Aliitwa Nyakundi, kijana wa Kenyenya. Walikuwa wawili katika lori moja, kwa sababu jeshini ndiye pekee aliyeweza kuzungumza naye Ekegusii, lugha ya kwetu. Barabara ya mlimani ilinyeshewa, ikamomonyoka, lori likateleza. Babu aliruka kwa upande wake. Upande wa Nyakundi ulikuwa korongo.

Nilikwenda kumwambia Baba, maana mtoto hana mahali pa kuweka kitu kizito kama hicho. Baba alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana. Alinisikiliza hadi mwisho. Alitoka, akafuta spana zake moja moja, akalifunika lori kwa turubai.

Wiki iliyofuata aliwaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Walikuja na nyundo na misumeno, wakagonga bodi hapa na pale kama wanaochagua mbuzi. Mimi nilijificha jikoni nikilia, Mama akiniambia ni chuma tu. Ndipo tukasikia fimbo. Babu alikuwa anakuja uani, mara ya kwanza tangu lori lifike.

"Hawa wanataka nini?" aliuliza.

"Tata, baba yangu, ninaliondoa," Baba alisema. "Sikujua. Nisamehe. Nilidhani ungefurahi. Nilidhani ukiliona labda utanisimulia."

Sijawahi kuwaona watu wawili wakisimama karibu hivyo huku kila mmoja akitazama ardhi.

"Waambie waende," Babu alisema mwishowe. "Umeanza, maliza. Nyakundi ana dada, anaitwa Moraa. Huwa anauza ndizi Daraja Mbili. Miaka yote hii namwona kwa mbali, napita njia nyingine. Siwezi kwenda kwake Kenyenya kwa miguu. Kila nikijaribu, miguu inanirudisha."

Jioni hiyo alikuja kula.

Injini ilichukua msimu mzima wa mvua. Ilikohoa, ikanyamaza, ikatema moshi uliofukuza kuku wote uani, na Jumapili moja ikawaka na kuendelea kuwaka, sahani za Mama zikitetemeka kabatini. Baba alirukaruka kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya mwisho. Babu alisimama akiwa ameshika mlango wenye namba, akayafumba macho kidogo. Kisha akauzunguka mdomo wa lori, akapanda akaketi kwenye kiti cha pembeni. Baba akashika usukani. Mama na mimi tukasimama nyuma tukishikilia vyuma, na hivyo ndivyo tulivyokwenda Kenyenya, polepole, watu wakitoka mashambani kutazama.

Moraa alikuwa mama mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, na tulimkuta akianika nafaka ya wimbi. Babu alishuka, akavua kofia. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, nilikuwa nikiona midomo yake ikisogea kwenye kioo cha pembeni, lakini yote yalimpotea.

"Mimi ni Ongeri," alisema. "Ndimi niliyekuwa naye."

"Najua," Moraa alijibu. "Nakuonaga sokoni ukinikwepa."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita ungekimbia, na kwa mguu huo ungeanguka." Alikung'uta mikono yake. "Mkungu mchanga haukatwi. Nilikuwa nakungoja ukomae, Ongeri, ingawa umechelewa kuliko ndizi zote za Kenyenya. Sasa niambie. Sisi tuliambiwa tu amekufa. Kabla ya hapo alikuwa anasema nini?"

Babu alitazama lori, halafu wimbi lililoanikwa. "Alikuwa analalamika chakula cha jeshi. Alisema angekuwa na dada yake pale, sote tungekula ugali wa wimbi."

Moraa aliangua kicheko kikubwa, na kicheko kile kikageuka njiani kikawa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Akaingia jikoni akasonga ugali. Tulikula sote, na Babu alisimulia mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye magurudumu. Mengi sikuyaelewa. Nilikuwa namtazama Baba, aliyesahau tonge mkononi.

Kabla hatujaondoka Moraa alisema anataka kuketi alipoketi ndugu yake. Babu akamfungulia mlango. Halafu, bila kuomba ruhusa, akapanda upande wa usukani na kuzunguka uwanja wa soko la Kenyenya, hatua chache kutoka pale, mara moja, polepole kama anayebeba mayai, Baba akitembea kando na mkono juu ya mlango.

Baba hakuacha tena kazi hiyo. Alitafuta mengine, na alipozeeka akaniachia mimi, kwa hiyo sasa kuna magari matatu ya vita chini ya banda langu, na majirani bado wanashangaa mwanamke anataka nini na vyuma vizee. Zamani nilidhani siku ile Baba alifurahi kwa sababu injini iliwaka. Ilinichukua miaka, na watoto wangu mwenyewe wasionisimulia kitu, kujua kwamba mwalimu yule alilileta lori nyumbani kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kumwuliza baba yake habari zake, na kwamba alikuwa tayari kulikosa ili asimuumize.

Mwezi uliopita alikuja mzee kutoka Nyamira. Alisikia kuna mtu anatengeneza magari ya jeshi. Baba yake marehemu alikuwa askari, akasema, kisha akanyamaza, akawa anapapasa taa ya mbele kwa kiganja. Maswali yalinijaa mdomoni. Nilimletea chai, nikaketi kando yake, na nikamwacha anyamaze kadiri alivyotaka.