Asubuhi Baba Mdogo Alipofyeka Mnanaa Wetu

Mnanaa uliofyekwa hunuka vikali kuliko uliochumwa. Niliijua tofauti hiyo nikiwa mtoto, Ujiji, kiangazi kilichofuata kifo cha baba. Mama aliupanda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Alichomeka vipande vya shina kwenye udongo wenye samadi ya mbuzi, akazungushia mabati ili mizizi isitambae hadi kwenye mchicha. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia asubuhi na jioni, na kukata ncha kabla hazijatoa maua. Wauza chai wa sokoni walinunua mafungu yetu, nasi tukala.

Baba mdogo Hamisi alikitaka kiwanja hicho. Alikuja mara nyingi kwa maneno, kisha asubuhi moja akaja na panga. Hakupiga hodi. Nilitoka na kumkuta ameinama, anafyeka tuta zima, majani yamemrukia hadi kifuani. "Shemeji, watoto wa kaka yako wanakula hapo!" mama alipiga kelele, akamshika mkono. Baba mdogo akamchapa usoni kwa ubapa wa panga. Mama akaanguka juu ya mnanaa, damu zikimtoka puani. Panga lilipoinuliwa tena nilimrukia, nikamng'ata mkono, wala sikuachia aliponitwanga ngumi za kichwa, mpaka panga likadondoka. Jirani yetu Mama Domitila, Mrundi aliyeolewa mtaani kwetu, akaingia mbio na mchi, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mana yanje! Unaua mjane?" Pigo moja tu, mfupa wa mkono wa baba mdogo ukalia.

Ndugu walitaka yaishe nyumbani. "Ni aibu ya ukoo," walisema. Mama, jicho limefumba kwa uvimbe, akajibu, "Aibu ameileta yeye. Mimi naenda polisi." Baba mdogo akafungwa, kiwanja kikabaki chetu, ila sikio la kushoto la mama halikusikia tena.

Siku hizi naishi Mwandiga, nina matuta yangu. Wanangu huchuma mnanaa wakiimba, mgongo umeelekea mlango wa uani. Mimi siwezi. Juzi binti yangu mkubwa, ambaye sasa ana umri niliokuwa nao wakati ule, aliniuliza kwa nini huuangalia mlango kila mara. Nikamsimulia yote. "Pole, mama," akasema, kisha akahama, akachuchumaa kati yangu na mlango, akaendelea kuchuma.